Kitanda cha Honorine

Bankstown, Sydney
20 Agosti 2022

Mdogo wangu Falone,

Salamu nyingi kwako na kwa mama yako, Shangazi Verdiane. Goti lake limepoa? Mimi ni mzima. Kile kikohozi cha korona nilichoambukizwa kwa wazee ninaowatunza kimeniacha.

Safari hii harusi ni kweli. Tumeiahirisha mara mbili, mwaka jana tukafungiwa ndani Bankstown nzima na polisi mitaani, nikadhani Wekesa atachoka arudi kwao Kenya atafute mwingine. Hakuchoka. Tunafunga ndoa Oktoba, na baada yake tunapanda ile meli ya kitalii aliyoilipia kabla ya korona. Kampuni ilituwekea nafasi yetu. Kabla ya meli tutakaa siku mbili hotelini, ufukweni Manly, na hoteli nimeambiwa nichague mimi.

Nimekutumia picha za hoteli tatu. Moja ina bwawa juu ya paa. Nyingine imeweka beseni la kuogea mbele ya dirisha. Ya tatu kitanda kinatazama bahari, na kitanda chenyewe watu sita wangelala bila kugusana. Nichagulie wewe.

Picha ya nne ndiyo ya Shangazi. Ni chumba cha wageni nyumbani kwa Honorine, rafiki yangu wa kwaya. Unajua kwetu bibi harusi halalii kitanda ambacho shangazi yake hajakisemea neno la baraka, na kwa kuwa yuko mbali atataka kukisemea kwenye picha. Mpe hiyo. Mwambie ni nyumba ndogo ya wageni karibu na bahari.

Siwezi, Falone. Yeye ndiye aliyenilea, nikamwacha hapo kambi ya wakimbizi kwenye kitanda cha miti, na faili yenu ya kuja huku imelala tangu korona iingie. Leo nimwonyeshe kitanda chenye mito minane? Hata wewe nakuandikia kwa aibu.

Dada yako,
Yvette


Nyarugusu
2 Septemba 2022

Dada Yvette,

Tumepokea salamu, nasi tu wazima. Goti linamsumbua mama asubuhi tu. Mchana akipata wa kugombana naye, analisahau.

Chukua hoteli ya tatu. Bwawa juu ya paa silitaki, na ukioga dirishani utatuletea maneno. Nilizitazama picha zako nimejificha nyuma ya jiko kama mwizi, mpaka simu niliyoazima kwa Adrien wa jirani ikazima. Usiniombe tena jambo kama hili. Vitanda vyako havinipi shida. Shida ni kumtazama mama usoni.

Ile ya nne nimempa. Nilisema, "Yvette ametuma hii," nikampa simu. Akaitazama sana. Akasema kitanda ni chembamba, lakini ndoa changa haihitaji nafasi kubwa. Akauliza kwa nini ukutani hapana msalaba. Halafu akawaita majirani, wakaimba, akaishika simu kwa mikono miwili na kukisemea kitanda. Alisema mtakaolala hapo msigeuziane mgongo mkiwa na hasira. Alisema mtu asitoke hapo akiwa mpweke. Alimtaja marehemu baba yako, akalia. Mimi nilitoka nje.

Sasa anakudarizia shuka. Amekipima kitanda kwa macho, hapo hapo kwenye picha. Familia ya Mzee Lazare imepata ndege ya kuja huko mwezi ujao, ndio watakaolibeba.

Dada, bado una nafasi ya kumwambia.

Mdogo wako,
Falone


Bankstown
18 Septemba 2022

Falone mdogo wangu,

Hamjambo? Mimi ni mzima wa mwili.

Nimeanza kumwandikia Shangazi, nikafuta, nikaanza tena. Neno lenyewe ameshalisema. Nikimwambia leo, si nitakuwa nimemnyang'anya? Amefurahi na kile kidogo, basi tumwache na furaha yake. Funika kombe mwanaharamu apite.

Hoteli ya tatu nimeshaishika. Wekesa anashangaa kwa nini sichangamki. Nimemwambia ni uchovu wa shifti.

Dada yako,
Yvette


Nyarugusu
6 Oktoba 2022

Dada,

Sisi wazima, tunawaombea.

Nakupa habari, kisha utajua mwenyewe. Mama Adrien ana binti Kanada, na binti huyo alituma picha ya gari. Ikazungushwa bloku yetu nzima hapa kambini. Mama naye akaitoa picha ya kitanda cha Honorine, maana ndiyo aliyo nayo. Mama Adrien akaitazama, akasema, "Kumbe Australia nako maisha ni magumu." Mama akajibu, "Mwanangu hana makuu," akarudi ndani.

Tangu siku hiyo anafunga kila Ijumaa, akikuombea riziki. Posho yenyewe ya hapa unaijua inavyopimwa. Nikimwambia ale, anasema huwezi kuanza ndoa kwenye kitanda cha dhiki na mzazi wako ameshiba.

Shuka limekwisha, Mzee Lazare analo. Mimi sisemi zaidi.

Falone


Manly, Sydney
24 Oktoba 2022

Falone,

Barua hii msomee Shangazi yote, usiruke neno.

Shikamoo Shangazi. Natumaini goti limekupa nafuu. Ndoa imefungwa Jumamosi, watu walikula, na Mzee Lazare alisimama mahali pa baba. Usiku wa kuamkia harusi alinikabidhi shuka lako. Nililinusa kwanza kabla ya kulikunjua. Lina harufu ya moshi wa jiko lako.

Kitanda ulichokisemea si changu, Shangazi. Ni cha Honorine, rafiki yangu. Mimi nipo kwenye hoteli kubwa, na picha zake zote nimezituma pamoja na barua hii. Leo nimelitandika shuka lako kitandani. Limefunika katikati tu. Wekesa akaniuliza, "Shangazi alipima kitanda gani?" Nikamweleza, na habari ya Ijumaa pia. Akakaa chini. Akasema, "Mama wa watu amelala na njaa kwa ajili yetu, sisi tunachagua mito?" Hatukwenda kula.

Nilificha kwa sababu niliona haya. Nilidhani ukiona utaumia. Kesho tunapanda meli, wametupima korona na hatuna. Nafsi yangu ndiyo inayoumwa. Nisamehe, mama yangu.

Mwanao,
Yvette


Nyarugusu
30 Novemba 2022

Yvette,

Anayeandika ni Falone, anayesema ni mimi. Goti halijambo. Usiniulize goti.

Nimekaa mwezi mzima bila kukujibu kwa sababu kila nilipofungua mdomo yalitoka matusi, na Falone alikataa kuyaandika.

Mimi nimelala kwenye kitanda cha miti miaka yote hii, wala hakijanidharau. Wewe ndiye uliyenidharau. Ulikaa huko ukaamua kwamba nikiona mwanangu amelala pazuri, roho itaniuma. Nani alikwambia mimi ni mtu wa namna hiyo? Ulipofaulu mtihani niliumia? Ulipopanda ndege ukatuacha, si mimi niliyekufungia mzigo?

Kufunga kwangu si neno, njaa naijua. Lakini Mama Adrien alinihurumia, Yvette, mbele ya watu, na mimi nikainamisha kichwa, wakati kumbe mwanangu ana dirisha la bahari nzima. Siku ile ndiyo ningetembea bloku zote na goti hili hili. Ulininyima siku ile, na haiwezi kurudi.

Picha nimeziona. Mama Adrien pia ameziona, nilimpelekea kwake nikasimama mpaka akamaliza. Alisema hongera. Lakini alishaniona nimeinama.

Kitanda hicho kikubwa nimekisemea neno, ingawa mmeshaondoka. Lile la kwanza silirudishi, ni la Honorine, mwambie alilalie. Shuka usiliongeze kitambaa. Liache dogo hivyo hivyo, mkitaka kulala juu yake wote wawili msogeleane.

Nimekusamehe. Falone anasema niliseme mara mbili ili uamini, lakini mara moja inatosha.

Na siku nyingine ukipata kitu kizuri, nionyeshe kwanza, ndipo unionee huruma.

Shangazi yako,
Verdiane