Miiba ya Mgebuka

Dada Stella, shikamoo. Nakuomba kadi hii usimsomee mtu, hata mama. Ofisini Kasulu wanaamini naumwa malaria. Nimemleta Pendo Kigoma kusikiliza jazi ufukweni, maana kwao wamekubali posa yangu juzi tu. Mgebuka wa mawese ni mtamu kweli. Ila mpuliza tarumbeta alipopumzika alikuja kuketi mezani kwetu, na Pendo akamchambulia miiba ya samaki kwa vidole vyake.

Nikamuuliza, "Na mimi je?"

"Wewe karani, si una miwani?"

Wakacheka, nami nikacheka.

Wabusu watoto, dada yangu. Ukinitafuta, usipige ofisini. Kesho bendi inapiga tena. Piga simu ya Pendo saa kumi, kisha saa kumi na mbili, tarumbeta linapopumzika.