Nimemlilia Mwanasiasa, Mume Wangu Sikumlilia

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, maana jambo hili nikimweleza mtu wa hapa mtaani litafika sokoni kabla yangu.

Mimi ni fundi cherehani, mjane wa miaka miwili, na chumba cha kazi nachangia na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, yeye anashona sare za shule na mimi magauni, cherehani zetu zinatazamana na kwa miaka tisa hatujawahi kugombana ila kwa sababu ya feni. Sasa mwezi uliopita akafariki yule mbunge mstaafu ambaye watu walimwita Kiguu na Njia, kwa kuwa kampeni zake zote alizifanya kwa miguu, mlango kwa mlango, na mimi nilimpenda mtu yule tangu usichana wangu, si kwa lingine ila kwa kusema ukweli hata pale ukweli ulipomnyima kura. Habari niliisikia redioni asubuhi nikitia zipu gauni la mteja, na mshauri, machozi yalinitoka kama bomba lililopasuka, nikalia siku hiyo, na kesho yake, na keshokutwa, nalia huku nashona, mpaka mwenye gauni akauliza kwa hofu kama nimeliunguza kwa pasi.

Wifi yangu ni wa chama kile kingine, tena si wa kadi tu, ni wa kuimba na kupiga vigelegele. Siku ya kwanza alininyamazia. Siku ya pili akaongeza sauti ya muziki. Siku ya nne akazima cherehani, akanigeukia.

"Wifi, nikuulize. Huyo mtu alikuwa analijua jina lako?"

"Hapana."

"Aliwahi hata kukanyaga hapa?"

"Hapana."

"Kaka yangu umekaa naye miaka kumi na sita. Siku tunamzika nilikuangalia, jicho kavu kama kigae. Leo unamlilia mume wa mtu siku nne. Mimi nielewe nini?"

Mtu asiye na jibu huokota jiwe. Nikamwambia, "Kaka yako naye angefanya la maana duniani, ningemlilia."

Alikusanya nyuzi zake moja moja, akaita mkokoteni, na mchana huohuo cherehani yake ikaondoka, sasa natazamana na ukuta. Mtaani wameshaanza kusema kwamba labda mheshimiwa alikuwa na lake kwangu, wakati mwenzao nimemwona kwenye mabango tu, na juzi mama mkwe kanipigia simu, yeye ambaye salamu zake huwa ndefu kuliko mazungumzo, safari hii kasema tu, "Jumapili saa nane uje, tuzungumze," akakata.

Lakini mshauri, kinachonikosesha raha si umbeya, ni kwamba swali la wifi ni la kweli na mimi mwenyewe nataka kulijua jibu lake, kwa sababu mume wangu nilimpenda. Alikuwa fundi wa majokofu, aliugua wiki tatu tu, na wiki hizo nilikuwa mbio, hospitali, makaratasi, wageni walale wapi, nani kala nani hajala, sikupata hata dakika ya kulia, na nilipoipata machozi hayakuwepo. Naye alikuwa wa chama cha dada yake. Kila jioni baada ya taarifa ya habari tulikuwa tunabishana mpaka jirani anagonga ukuta, yeye akiniita Mheshimiwa Spika na mimi nikimwamuru aondoke ukumbini, na siku moja alinifuata mpaka mlango wa bafu, mimi nina sabuni machoni, yeye kaegemea mlango anasema, "Hoja yangu ya tatu!" Tangu aondoke nasikiliza habari peke yangu, na kila Kiguu na Njia alipokuwa akihojiwa nilikuwa nageuka kutafuta wa kumkera, sioni mtu.

Je, mimi nina moyo wa namna gani? Na Jumapili nikaseme nini?

Wako, Fundi Magauni

*

Fundi Magauni,

Nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nilikukasirikia, na nitaanza na hasira ili tuimalize.

Ulimwambia mtu aliyemzika kaka yake kwamba kaka yake hakufanya la maana duniani. Halafu neno hilo umeniandikia kwa mstari mmoja, ukapita upesi kama mtu anayeruka tope. Usiruke. Wifi yako hakuondoka kwa sababu ya chama. Ameshona mbele yako miaka tisa akijua unapiga kura wapi. Ameondoka kwa neno hilo.

Ya mtaani yaache mtaani. Ukianza kukanusha, watauliza mbona unakanusha.

Sasa machozi. Mimi si fundi wa machozi, na atakayekuapia kwamba anajua yanakotoka, mkwepe. Lakini itazame barua yako mwenyewe. Ukimtaja mbunge unasema alikuwa mkweli, basi, umemaliza. Ukifika kwa mumeo kalamu haishikiki: mara jirani, mara ukuta, mara sabuni. Nadhani, na ni kudhani tu, alipokufa mumeo ulibaki umeshikilia upande wako wa ubishi, ukimngoja. Siku ile redio ilipotangaza kifo cha mbunge uliyekuwa ukimtetea, na upande wako ukazimika. Ubishi ukaisha kweli.

Hata hivyo, usije ukawaambia wakwe zako kwamba mbunge hukumlilia. Ulimlilia. Mtu aliyekufanya uamini kwamba neno la kiongozi laweza kuwa neno, anastahili chozi la asiyemjua. Moyo si kiti cha mtu mmoja, mama.

Basi fanya hivi. Usingoje Jumapili. Jumamosi nenda kwa wifi yako, mikono mitupu, maana zawadi itanuka hongo. Mwambie, "Nilikosea, na neno lile lilikuwa la uongo." Usiongeze "lakini". Ukishasema "lakini" tu, jihesabu hukwenda. Jumapili mweleze mama mkwe habari ya mlango wa bafu kama ulivyonieleza mimi. Vyama visiingie ndani ya nyumba hiyo siku hiyo. Uchaguzi ukija kila mtu ataingia kwenye kibanda chake peke yake.

*

Barua ya Fundi Magauni ilinifikia Alhamisi. Kwa kuwa gazeti lingetoka baada ya Jumapili yake kupita, nilimpigia simu nikamsomea jibu. Jumatatu aliniandikia tena, na kwa ruhusa yake naweka maneno yake hapa.

"Mshauri, wifi alinifungulia mlango nusu. Nikasema yangu bila 'lakini'. Akasema, 'Nimesikia,' akafunga. Jumapili nilimkuta kwa mama mkwe, kakaa pembeni, hanitazami. Mama akauliza, 'Marehemu mwanangu ulimpenda au hukumpenda?' Nikaanza kumsimulia ule ubishi wetu wa jioni, na nilipofika kwenye mlango wa bafu mama akacheka mpaka akavua miwani. Akasema, 'Yule mtoto siasa hakuijua hata chembe! Hoja zote zile zilikuwa zangu. Alikuwa ananipigia kutoka kazini: mama, jana kanishinda, leo nimjibu nini?'

"Hapo ndipo nilipomlilia mume wangu. Nililia mpaka wifi akainuka, akaja akakaa ubavuni kwangu. Mama akaningoja nimalize. Kisha akasema, 'Huyo mbunge wenu mimi sikumpenda, na kufa kwake hakujanibadilisha. Ila kuna jambo nimekaa nalo miaka miwili. Siku moja kabla mwanangu hajaugua nilimpa hoja nzuri sana, ya maji ya bomba. Hakuwahi kuniambia iliishaje.' Akavaa miwani, akanisogelea. 'Ulimjibu nini?'"