Karatasi Iliyokuja na Unga

Waithaka

Mjukuu wangu Wambui,

Sisi tuko salama. Shosho, nyanya yako, anakusalimu, goti lake limetulia, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Nimesoma barua yako mara mbili, kisha nikatoka nje nipunguze hasira. Yaani mashine ya kiwanda imekuunguza mkono, na sasa tajiri wako anakuja kukuona na karatasi ya kutia sahihi? Unaniuliza ufanye nini.

Nikiwa kijana nilifanya kazi ya mbao huko mjini, na msumeno usio na kifuniko ukanikata vidole viwili. Wiki ya pili tajiri alikuja kwetu Kabiria na mfuko wa unga, sukari na mafuta ya kupikia. Akatuombea, macho ameyafumba kabisa. Mama akampikia chai. Halafu akatoa karatasi ya Kiingereza, ambacho sikukijua, eti ni ya kuonyesha tu kwamba amenitembelea. Ningemkatalia vipi mgeni aliyetoka kutuombea? Nilitia sahihi kwa mkono wa kushoto, na nikamshukuru! Kwetu mfuko wa mgeni haurudishwi mtupu, kwa hivyo mama akaujaza viazi vitamu.

Nilipoenda kudai fidia ndipo niliposomewa ile karatasi: uzembe ulikuwa wangu, na sidai chochote. Vidole vyangu alichukua, na viazi vyetu pia. Zile shukrani zangu ndizo zinazonichemsha mpaka leo.

Wewe mkaribishe, mpe chai. Akiondoka, mfuko wake usirudi mtupu. Mwekee karatasi yake ndani, bila sahihi.

Guka wako