Askari wa Kokwa za Ubuyu

Baba yangu mpenzi,

Nimeolewa! Nimelitanguliza neno hilo kwa sababu kila nikilitazama ninacheka peke yangu. Mume wangu ni Khamis, kijana wa Jambiani, ambaye hukujaaliwa kumuona. Ana macho ya upole, Baba, na tukinywa chai hunisubiri nimalize kikombe changu ndipo ainuke. Ningeijaza karatasi nzima kwa macho hayo tu. Lakini leo ninataka kukuhadithia habari ya boksi lako.

Unalikumbuka? Ule mchezo wa vita vya dunia, wenye ramani ya kukunjua na vifaru na meli za plastiki. Tuliucheza kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, sakafuni, ukumbi wa juu kule Mji Mkongwe. Askari wa nchi zisizo na upande walipotea kabla sijazaliwa, hukuniambia vipi, nawe ukaweka kokwa za ubuyu badala yao. Mimi niliumung'unya ubuyu mpaka kokwa zikatakata, wewe ukazipanga juu ya Uswisi, Uswidi, Hispania na Uturuki. "Jeshi zima limetoka kinywani mwa Salma," ulikuwa ukisema.

Nilikuwa na miaka tisa nilipoivamia Uturuki zamu ya kwanza. Ilikuwa na kokwa mbili tu! Hukunigombeza. Ulinionesha kanuni: ukiishambulia nchi moja isiyo na upande, zilizobaki zote zinageuka adui zako. Kabla ya adhana ya alasiri sikuwa na hata kifaru kimoja. Nililia, ukanifuta machozi kwa mkono wa kanzu yako. "Wanaopigana unawajua, mwanangu. Zamu ya kwanza watazame waliokaa kimya. Usiwavamie. Bisha hodi."

Fungate yetu tuliikaa mulemule nyumbani kwetu, siku saba hatutoki. Mama akileta sinia la bokoboko, anabisha, analiweka mlangoni, anakwenda zake. Siku ya tatu nikalitoa boksi lako uvunguni. Khamis akaitazama ramani, akasukuma jeshi lake lote Uturuki.

"Wee! Usiiguse hiyo!"

"Mbona ina kokwa mbili tu?"

Nilicheka mpaka nikaiangukia Afrika. Nikamsomea kanuni. Badala ya kucheka na yeye, akasema polepole, "Salma, mimi nshavamia. Nilimuahidi mama yangu kuwa tutahamia Jambiani. Vyumba viwili keshavipaka chokaa. Sikukuuliza."

Na mimi, Baba, nilikuwa nimemuahidi Mama kuwa tutakaa chumba kile cha juu, ulichokuwa ukisomea magazeti. Tangu uondoke duniani hana mtu ila mimi. Ningemwambiaje hapana? Sikumuuliza Khamis. Sote wawili tulikuwa tumekwenda vitani kabla ya harusi, na fungate ikiisha siku ya saba kila mama angetaka ahadi yake.

Khamis hakukasirika. Alinishika mkono (ah, ungeuona!) akasema, "Rafiki yangu ana nyumba ndogo Chukwani, anatafuta mpangaji. Chukwani hakuna mama wa mtu."

Asubuhi ya siku ya saba, Mama alipobisha na sinia, tulimuomba aingie. Hatukumwambia tumeshaamua. Nilimwambia nimekosea kuahidi, nikamuuliza kama atatupa radhi tukaanzie Chukwani. Aliziangalia kokwa juu ya ramani. Niliogopa ananiona ninamuacha, kama vile nyumba haijapungukiwa vya kutosha.

"Baba yako, mama yake alimtaka kwao," akasema mwisho, "na mama yangu alinitaka kwetu. Yeye akanipeleka Mbweni. Chumba kimoja, na boksi hilo."

"Kumbe unaujua mchezo, Mama?"

"Hao askari unafikiri nani kawapoteza? Niliwatupa dirishani mimi, siku aliyoivamia Uturuki niliyomuomba asiiguse, zamu ya kwanza. Siku mbili sikusema naye. Siku ya tatu akaja kubisha hodi, na mfuko wa ubuyu."

Baba! Miaka yote hiyo hukunisimulia.

Mama mkwe alinuna kidogo Khamis alipompigia simu, kisha akatuletea pweza mkavu na pazia jipya. Sasa tuko Chukwani, na nina furaha hata ninaona haya kuiandika. Kila Ijumaa Mama anakuja. Jana alifika na mfuko wa ubuyu mwekundu, akauweka katikati ya ramani, akakaa chini sakafuni kama msichana.

"Kuleni," akasema, "lakini kokwa msitupe."

Tunacheza watatu, Baba. Uswisi haiguswi na mtu, tumekuwekea wewe.

Mwanao, na sasa mke wa mtu,
Salma