Viatu Visivyo na Saruji

Shoga, usinipigie, sina sauti. Soma tu.

Unamjua mwanangu, yule Kasuku wangu, na maswali yake. Tangu asubuhi kwa nini, kwa nini, mpaka kichwa kinaniuma. Jioni nikamwambia, "Hebu kamuulize baba yako!"

Akaenda. Baba yake ndiyo kwanza karudi, anavua viatu vya ujenzi mlangoni. Kubandua saruji kwenye vile viatu ndio mchezo wao.

"Baba, mbona siku hizi viatu vyako havina saruji?"

Baba yake anafungua kamba tu.

"Kwani hujengi tena?"

Akamjibu, "Walitusimamisha. Mwezi sasa." Anamwambia mtoto, shoga. Mtoto! Mimi nimesimama pale na upawa mkononi.

Mwezi mzima anaaga, anabeba chakula, anaondoka. Na ile ovaroli nafua mimi. Maji yanabaki safi, nami naanika tu.

"Sasa huwa unakwenda wapi?"

"Nakaa tu stendi, mwanangu, mpaka jioni."

Unajua mtoto kamuuliza nini?

"Peke yako?"

Kainama, anafunga tena kamba za viatu. Na mimi bado nimeshika upawa.