Nukta za Wimbo wa Mama

Ujerumani, wakati wa baridi

Mdogo wangu Ester,

Shikamoo yako ya kwenye simu niliipata, marahaba. Habari za hapo nyumbani? Za watoto, za mbuzi, za baridi? Nimesikia ukungu umelala hapo Bumbuli juma zima na kuni zote zimelowa. Pole, mdogo wangu. Pole na kuuguza. Kumgeuza baba, kumwosha na kumlisha uji kwa kijiko si kazi ya mtu mmoja, nawe unaifanya peke yako. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaoumwa, wala sitakuficha.

Utashangaa kuona barua ya mkono wakati tunaongea kwenye simu karibu kila siku. Haya ninayokuandikia nimejaribu kuyasema, nikaishia kukuuliza bei ya karoti. Halafu kuna kitu kinakuja pamoja na barua hii, na kitu hicho hakipiti kwenye simu. Mama Tumaini, yule tunayesali naye huku, anakuja Lushoto kwenye harusi ya mdogo wake. Atakukabidhi bahasha mkononi. Usiiweke karibu na jiko.

Nianze na ile skana.

Unakumbuka baba alipopooza upande mmoja na ulimi ukafungwa, wewe ndiye uliyetoa wazo kwamba wanakwaya waje nyumbani wamwimbie wimbo wa mama. Wimbo ule baba, akiwa bado mwalimu wa kwaya, aliutunga mama alipofariki, na hakuwahi kuufundisha. Kila alipotaka, alisimama mbele yetu na penseli yake, akatuangalia sauti zote nne, kisha akasema, "Tuimbe mwingine." Nilipokuwa nakuja huku alinikabidhi karatasi zake zote. Alisema dari inavuja na mchwa hawajui muziki, nikamwekee kwenye kompyuta. Nikazibeba. Zikalala chini ya kitanda changu mpaka siku uliponipigia.

Skana niliinunua kwenye soko la mitumba la hapa, kwa bibi mmoja aliyekuwa anauza vitu vya marehemu mumewe. Nzito kama jiwe la kusagia. Nilidhani unaichomeka tu kama pasi ikafanya kazi. Thubutu! Kompyuta ikasema haikitambui kifaa hiki. Ikabidi nitafute programu yake kwenye mtandao, maelezo yote kwa lugha yao, na mimi lugha yangu ni ya kuombea mkate na kusema samahani. Waya nao mfupi, kompyuta nikaipandisha juu ya kigoda. Ilipokubali kuwaka nikalaza karatasi ya kwanza, mtambo ukanguruma, taa ikatembea, ikatoka picha nyeupe tupu. Kumbe karatasi inalazwa kifudifudi, maandishi yakitazama kioo. Nilicheka peke yangu. Nilisema, Ester angekuwepo angenisema mpaka Krismasi.

Zikaanza kutoka sasa. Ee, mdogo wangu, uchafu ule! Kwenye kompyuta kila doa linavimba. Masizi ya kibatari, chai, alama za vidole, vidoadoa kila mahali kama uso wa mtoto mwenye surua. Na wewe unaijua kazi yangu huku. Mimi ni dobi wa shuka za hoteli. Shuka ikitoka na doa la ukubwa wa punje ya ulezi inarudi, na msimamizi ananitazama kama nimeiba. Basi pembeni ya ile programu nikaona kijisanduku, kimeandikwa kwa lugha yao: ondoa madoa. Maneno hayo nayajua kuliko jina langu, yapo kwenye kila dumu la sabuni kazini. Nikaweka tiki. Karatasi zikatakata, nyeupe pee! Nikazitazama nikajiona nimemfanyia baba jambo la maana. Nikamtumia Mwalimu Elia zote, nikaenda kazini naimba.

Elia, huyu kijana aliyeshika kwaya baada ya baba kustaafu, akanipigia siku ya pili yake.

"Dada Hilda, shikamoo. Nimeteremka mpaka Soni kuzichapisha. Herufi naziona vizuri, do, re, mi, zote zipo. Ila mapigo siyaoni. Mzee hakuweka nukta?"

Nilikuwa naingia zamu, nimevaa glavu mkono mmoja. "Mzee alikuwa anaandika kwa haraka," nikamjibu. "Kwani wewe si mwalimu? Jaza."

"Nijaze mwenyewe, dada? Wimbo wa mzee?"

"Jaza, Elia. Wimbo ni wa huzuni, jaza taratibu."

Hivyo ndivyo nilivyosema, na ujuaji wangu wote. Wewe hukusoma nota, kwa hiyo nikueleze. Herufi zinasema sauti ipande au ishuke. Nukta zilizo kati ya herufi ndizo zinazosema sauti hii ivutwe, hii ikimbizwe, hapa mpumue. Ukiziondoa nukta unabaki na maneno yasiyojua kutembea. Zile nukta za baba, za penseli, ndogo kama macho ya sisimizi, skana ilizihesabu kuwa ni madoa. Ikazifuta zote pamoja na masizi. Na mimi sikuinama kutazama karatasi zenyewe, ambazo zilikuwa hapo hapo kitandani.

Haya. Wakaja, wakaimba, ukanitumia ile sauti iliyorekodiwa kwenye simu. Uliniandikia hivi: "Dada, baba amefurahi! Amegonga ubao wa kitanda kwa mkono wake mzima, anafuata mapigo, tangu mwanzo mpaka karibu na mwisho. Na machozi yamemtoka. Watu wamepiga vigelegele mpaka majirani wamekuja." Niliisikiliza kazini katikati ya mashine zinazonguruma, nikalia kwa furaha, nikamkumbatia mwanamke wa Kipolandi ambaye hata hatuelewani. Nilikuwa na siku njema kuliko zote tangu nifike nchi hii.

Jumapili, baada ya ibada, nikakaa chumbani nikaweka vile vya masikioni ili nimsikie baba hata kama ni pumzi yake tu.

Sauti ya kwanza inaanza, "Tangulia, mke wangu, ukoleze moto." Wanapofika kwenye moto, nikasikia ko-ko. Kimya. Tena, ko-ko. Kimya. Ester, yale si mapigo. Anayefuata mapigo anagonga pamoja na wimbo. Baba alikuwa anaugongea wimbo kama mtu anayegonga mlango.

Wewe sikulaumu. Ulikuwa unatoroka mazoezi kwenda kuiba matunda ya plamsi, na kwa sauti yako ya beberu aliyenaswa kwenye seng'enge, hakuna aliyekutafuta. Na siku hiyo ulikuwa unaingia na kutoka, unawachemshia wageni chai jikoni. Elia naye hakufundishwa na baba, atajuaje? Lakini sisi tuliokaa kwenye benchi la sauti ya pili tangu tukiwa watoto tunaijua ile ko-ko kama tunavyojua kengele ya kanisa. Baba alikuwa hakaripii mtu. Mkikosea, anagonga benchi kwa penseli mara mbili, ko-ko. Maana yake: simameni, mmekosea, turudi nyuma. Na mnasimama hapo hapo, hata neno likiwa nusu mdomoni. Sikukuu moja ya mavuno alitusimamisha mbele ya mchungaji na washarika wote, watu wameshika kabichi zao na kuku wao, tukaanza upya. Mchungaji akanuna. Baba akasema, "Mungu anasikia, mchungaji. Tusimpe kilichopinda."

Sasa mtu huyo huyo amelala, hana ulimi, anasikia wimbo wa mke wake unaimbwa umepinda, na kitu pekee alichobaki nacho ni ile ko-ko. Akaigonga. Hawakusimama. Ubeti wa kwanza wote amegonga. Ubeti wa pili kuna mtu karibu na simu anapiga kigelegele, baba simsikii vizuri. Ubeti wa tatu anagonga polepole, mara moja, kisha baada ya muda mara moja. Ubeti wa nne hakuna kitu. Hapo ndipo mlipoona machozi.

Nimelia, Ester. Nimelia mpaka mwenye nyumba kaja kuuliza kama kuna msiba. Nikamwambia ndiyo, kwa sababu sikujua maneno mengine.

Nikazitoa karatasi, nikazipeleka dirishani. Nukta zipo! Nikarudi kwenye skana, nikakitoa kile kitiki, nikazipitisha tena zote na uchafu wake, nikamtumia Elia upya. Nilidhani nimemaliza. Lakini nilipokaa kuusoma wimbo mwenyewe nikakwama kwenye neno lile lile, moto. Pana nukta hapo, au ni sizi la kibatari? Ikiwa ni nukta, sauti inakimbizwa na mstari unashuka haraka. Ikiwa ni sizi, sauti inavutwa, mtu anabaki na moto mdomoni kama anayeupuliza. Nimeimba hivi, nimeimba vile, zote mbili zinaliza. Na pana pengine pengi pa namna hiyo. Kioo cha mtambo hakijui, mimi sijui, Elia hajui. Anayejua ni mmoja.

Ndiyo maana nazirudisha karatasi zenyewe. Kutunza nilijidai mimi ndiye mtunzaji, na umeona nilivyotunza.

Ningekuja mwenyewe, Mungu anajua. Lakini kibali changu cha kukaa bado kiko ofisini kwao. Nikitoka sasa sirudi, na dawa za baba zinatoka kwenye shuka hizi. Basi nakuomba wewe, ambaye umebeba mengi tayari, ubebe na hili. Mwite Elia aje na waimbaji wachache, sauti mojamoja tu, si umati. Mwambie kosa ni langu na asiogope. Msimletee baba shangwe. Mlazeni kwa upande ambao mkono mzima uko huru, mpeni penseli. Mshikieni karatasi aione. Kisha waimbe mstari mmoja mmoja, na sikio liwe kwenye ubao wa kitanda. Wakisikia ko-ko, wanyamaze. Warudie namna nyingine. Wakisikia tena, wanyamaze tena. Hata ikiwachukua siku nzima kumaliza neno moja, chai utawapikia, sukari nitatuma.

Juzi uliniambia tangu siku ile hajainua mkono, na muuguzi amesema nguvu ndizo zinazopungua. Huenda ni kweli. Yeye amesoma, mimi ni dobi. Lakini mimi naogopa kwamba baba amechoka kuwagongea watu wasiosimama. Kwa hiyo mfanye haraka, mdogo wangu. Bahasha ikifika leo, Elia aje kesho.

Nisalimie mjomba wetu aliyechonga kitanda cha baba, mwambie mti wake una sauti nzuri, nimeusikia mpaka huku. Shangazi wa Soni mwambie vitenge alivyonitumia nimeviona na nimevipenda. Watoto wako wabusu, na yule mdogo mwenye jina la mama umbebe kidogo kwa niaba yangu. Shemeji yangu, mumeo, mpe salamu, asichoke na ukoo wetu.

Na baba umpe salamu zangu. Mkaribie kwenye sikio, umwambie, "Hilda anasema shikamoo." Ila usiniitikie wewe kwa niaba yake kama tunavyofanya kwenye simu, ukasema, "Marahaba, anasema marahaba." Nyamaza. Kaa naye. Muda wowote utakaopita, subiri.

Akigonga hata mara moja, nimeitikiwa.

Dada yako akupendaye,
Hilda