Msimu Mmoja Zaidi

Jukwaa la mafuta, baharini

Mdogo wangu Ragnfrid,

Nisamehe karatasi imeingia grisi. Huku mimi ni mzima, ila Sveinung wa kitanda cha juu bado anakoroma.

Jumapili tulikuona kwenye televisheni, mbio za skii kwenye theluji, ukimaliza wa tisa. Sveinung akanicheka: "Torleiv, bingwa wenu leo kavaa skii za bibi yake?" Nikamjibu, "Wewe ngazi tu zinakumaliza pumzi, nyamaza!" Wenzetu wakacheka. Mimi nikaenda kujifungia chooni.

Unaniuliza kama uendelee msimu mmoja zaidi. Medali umeshachukua, na mgongo haukupi usingizi. Nilitaka kusema endelea, maana miaka yote ulipokuwa ukishinda mimi nilikuwa zamu huku. Sijawahi hata siku moja kusimama msituni kando ya njia ya mbio nikakushangilia ukipita. Lakini hiyo ni tamaa yangu, mgongo ni wako. Acha, mdogo wangu.

Pasaka nitapata likizo. Twende kwa skii, wawili tu, mpaka kwenye kibanda cha baba mlimani. Niache nitangulie, wala usinipite. Nataka kusikia fimbo zako za skii zikichoma theluji nyuma yangu.

Kaka yako anayekukumbuka sana,
Torleiv